Safari Hii Usibebe Sabuni

Mheshimiwa Mchungaji Onésime, Ndugu Ludovick mwenyekiti wa chama chetu, wazee wetu, ndugu wageni mliotoka Norsborg na Hallunda, na wewe Mama Elise mwenye siku yako: nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni Ziada, jirani yake wa hapa Alby, Sweden, mlango kwa mlango, miaka kumi na miwili. Nimeombwa nimuage Mama Elise, Médiatrice wetu, anayerudi Burundi. Lakini mtu anarudije mahali ambapo hakuzaliwa? Amezaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na kilima cha baba yake huko Bururi alikijua kwa kusimuliwa tu.

Jumapili asubuhi tulikuwa tukikutana chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima, ambako kila mtu ana zamu yake ukutani. Nguo zinazunguka, yeye ameduwaa mbele ya kioo cha mashine. "Ziada," ananiambia, "nimeiota tena ile chemchemi. Maji yananiita kwa jina la nyumbani." Chemchemi ambayo hajawahi kuiona, ndugu zangu! Ikafika mahali hata mimi, mtu wa Kigoma, nikawa naiota.

Mwaka 2009 akaenda kuiona, na mzigo wa sabuni za zawadi. Wakampokea vizuri mno: kiti chake peke yake, na ndoo hapewi abebe. Akaikuta chemchemi kama alivyoiota, ila imejaa wanawake wanaofua pamoja, wanasukumana, wanacheka. Shoga yangu akaona hakuna utaratibu. Akachukua karatasi na rula, akapanga zamu, kila mwanamke na saa yake, kama tunavyofanya Alby, akaibandika kwenye ukuta wa shule.

Mgeni hapingwi. Jumanne, saa yake ilipofika, alikuta maji matulivu na mawe matupu. Akafua peke yake, akalia. Alikuwa amejipangia upweke kwa mkono wake mwenyewe.

Mnacheka? Nani hapa hajawahi kupiga simu kuomba nafasi ya kumtembelea mama yake mzazi? Tumekuwa hivyo sote, na wala hatukuona tulipobadilika.

Alirudi akaniambia, "Huku mgeni, kule mgeni. Sasa niende wapi?" Miaka miwili swali hilo limemnyima raha. Hata tiketi alipokata, alikuwa na hofu.

Jumapili iliyopita simu ikalia kule kule chini. Mikono yake ina povu, akaweka spika. Alikuwa shangazi yake, Bi Concessa, anaongea Kirundi, na Médiatrice akanifasiria neno kwa neno: "Ile karatasi yako tuliwashia moto. Jiwe la pembeni yangu ni lako, njoo siku yoyote. Na safari hii usibebe sabuni. Wanaoleta sabuni ni wageni."

Mama Elise, sikukuambia. Nilikuwa nimeshakununulia katoni nzima ya sabuni, zawadi ya kukuaga. Nimeiacha nyumbani, nitaifulia mwenyewe, Jumapili, zamu yangu na yako. Nitakukosa sana. Wewe nenda mikono mitupu, shoga yangu, wanakungoja.

Ndugu zangu, kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana.