Clifford Hebblethwaite, Mtunzi wa "Kinu Kilichozama"

Wasifu huu umeandikwa na mjane wake, Edith, na unasomwa na binti yao, Gillian, ambaye ameombwa asiongeze wala asipunguze neno.

Clifford alizaliwa tarehe 14 Februari 1943 mjini Todmorden, Yorkshire, mtoto wa pili wa Harold Hebblethwaite, fundi wa mashine za kufuma pamba, na mkewe Annie. Akiwa na miaka saba alitumwa mkate. Alirudi baada ya saa mbili bila mkate, ila na ramani ya vichochoro vyote visivyopita kwa mbwa wa mwuza nyama. Mama yake aliihifadhi ramani ile hadi alipofariki.

Alisoma shule za hapa nyumbani, kisha akahitimu shahada ya hisabati Leeds mwaka 1964. Alifundisha somo hilo huko Halifax kwa miaka thelathini na mitatu, akastaafu Julai 1998.

Tarehe 9 Agosti 1969, katika kanisa hili hili la Methodisti, alimwoa Edith Greenwood, mwalimu wa Kilatini. Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na minne. Hayo yanatajwa mapema kwa sababu wageni wengi waliopo leo wamemfahamu marehemu kupitia mchezo wake tu.

Mchezo huo, "Kinu Kilichozama," ulitoka Septemba 1984. Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa mafumbo ndani ya kinu, yaani kiwanda cha zamani kilichoendeshwa kwa maji: mchezaji aliandika amri ya maneno mawili, kama "fungua mlango," na kompyuta ikamwambia kilichotokea. Clifford aliubuni wote. Picha ishirini na mbili zilichorwa na Bi. Rosalind Tordoff, mwalimu wa sanaa wa shule aliyofundisha Clifford, ambaye alikuja kila Jumamosi kwa miezi kumi na kukalia kiti cha Edith kwenye meza ya kulia chakula. Kwenye kasha la kaseti ya mchezo yaliandikwa majina yao mawili.

Wachezaji waliokwama waliandika barua, wakiambatanisha bahasha yenye stempu. Ilikuwa desturi kutompa mtu jibu, bali dokezo moja, la pili akiandika tena, na la tatu akikata tamaa kabisa. Barua hizo zilipita elfu tatu. Zinasifiwa hadi leo kwa upole na ucheshi wake. Inafaa ijulikane kwamba zilijibiwa zote na Edith, na Clifford akaweka sahihi.

Wengine walipiga simu. Jumapili moja, nyama ikiwa mezani, alipiga kijana wa Bolton.

"Samahani mama, naomba kuongea na mke wa Cliff. Rosalind."

"Rosalind hakai hapa."

"Oh. Wewe ni nani, basi?"

"Ni mwenye nyumba. Umekwama wapi?"

Alikuwa amekwama kwenye bwawa, na alisaidiwa.

Mwaka 2009 jarida la wapenzi wa michezo ya zamani liliandika kwamba mwanamke anayeonekana kwenye dirisha la kinu, katika picha ya tisa, ni Bi. Tordoff, na kwamba Clifford alimpenda. Familia haikujibu wakati ule. Inajibu leo. Edith alimwuliza mumewe siku ile ile jarida lilipofika.

"Cliff, huyu wa dirishani ni nani?"

"Nani? Hilo ni jagi la maziwa na pazia, mpenzi. Kompyuta ilikuwa na rangi nane tu."

"Jagi la nani?"

Clifford hakuwa mwongo. "La Rosalind."

Hakukuwa na mwanamke dirishani. Kulikuwa na vidoti, na watu wazima waliovitazama kwa miaka ishirini na mitano.

Tarehe 3 Machi 2022 Clifford alipata kiharusi. Akili ilibaki nzima, lakini maneno yalimjia mawili mawili: "Leta chai." "Zima redio." Bi. Tordoff alikuja kila Alhamisi na daftari lake. "Chora mto," Clifford alimwambia, Bi. Tordoff akachora, naye Clifford akacheka kama zamani. Edith aliwasikia kutoka jikoni. Wiki yenye siku saba, zilizokuwa zake ni sita.

Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023 Edith na Bi. Tordoff walikuwa kando ya kitanda. Clifford alifumba macho, akasema, "Baki hapa."

Hakutaja jina. Wanawake wale walitazamana. Edith, aliyempa dokezo kila aliyekwama, safari hii alikwama mwenyewe. Ndipo Bi. Tordoff akasimama, akachukua koti lake.

"Ni wewe, Edith," alisema. "Mimi siku zote alikuwa akiniuliza nitaondoka saa ngapi; nibaki hakuniambia kamwe."

Akaenda. Edith alibaki. Clifford alifariki alfajiri ya Ijumaa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, na hakuwepo mtu mwingine chumbani.

Ameacha mjane, Edith, binti, Gillian, na mumewe Stuart, wajukuu wawili, Harriet na Joel, dada, Maureen, na Bi. Rosalind Tordoff, mchoraji, ambaye ameombwa aketi na familia, kiti cha mwisho.

Lala salama, Cliff. Mungu akupe utulivu.