Bi Verlene na Sherifu Aliyefufuka

Bi Verlene Stuckey anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti, baada ya miaka arobaini na mmoja ya kuonyesha picha hapa Sinema ya Pelican. Mimi ni Maribel Cantú wa dirisha la tiketi. Nimepewa kazi ya kumwandikia kwa sababu kusema mbele za watu siwezi, kwa Kihispania wala kwa Kiingereza.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri hutuwekea picha za zamani za wanyama wanaokula watu: nyuki, dubu, mamba, panya wakubwa kama ndama. Mikanda imefifia hadi damu imekuwa ya waridi, na waya unaomvuta mamba unaonekana wazi. Hata hivyo maji yakitulia tu, ukumbi mzima hupandisha miguu vitini, hata wafanyakazi wa shamba la kufugia mamba la hapa kwetu. Tunajua ni mpira, miguu haijui.

Mwaka 1991, katika ile picha ya mamba, aliweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Sherifu, yule mkuu wa polisi wa mji, akaliwa, kisha akatokea mkavu kabisa, akatangaza kwamba mto ni salama. "Wewe si umeshaliwa? Hebu rudi tumboni!" akapaza sauti mtu wa nyuma. Tangu hapo watu huidai hivyohivyo kila Agosti, naye hununa. "Kosa langu moja, mwanangu, na ndilo wanalolipenda."

Mwanzoni mwa mwezi huu mwenye sinema, Bwana Hollis Tackett, alisema asipopatikana mtu wa kuiendesha mashine ile ya zamani, picha za Jumamosi zitakoma. Hakujua kwamba Bi Verlene ananifundisha tangu Januari. Niliendelea kuhesabu tiketi. Naye Bi Verlene hakunitaja. "Mimi simsemei mtu," aliniambia baadaye ngazini. "Unataka, sema. Hutaki, waache wafunge."

Majuma matatu sasa sikai nikatulia. Nimeandika barua nne, nikazichana zote. Basi nasema hapa, Bwana Tackett asome pamoja nanyi wote: nitaiendesha mimi.

Bi Verlene, asante kwa subira yako, na kwa kutonisemea. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya na vicheko. Jumamosi ijayo kiti chako kiko safu ya tano, pamoja na bisi zisizo na siagi. Mkanda ukikatika, nakuomba usipande juu kwenye mashine. Nipe dakika mbili.