Chumba cha Nyuma

Ndani ya basi la asubuhi, fundi vigae aliyeketi mbele yangu alikuwa akimlalamikia mama mmoja mtu mzima, jirani yake wa kiti tu. "Mama, kona zote nne ni nyuzi tisini. Kuta zinazotazamana si lazima zilingane? Huu mita nne, ule umezidi kwa shibiri. Jana ulizidi vidole viwili tu!"

"Futi yako ya kupimia imechoka, mwanangu." Niliafiki kimoyomoyo, fundi hakosi kisingizio.

"Nimenunua mpya."

Mama akamgeukia. "Ni chumba cha nyuma, kwenye geti la kijani?"

"Umejuaje?"

"Tulipohamia kilikuwa mraba, mita tatu kila upande. Tuliondoka kilipofika tatu na nusu."

Basi likasimama. "Geti la kijani!" konda akaita. Fundi hakuinuka.