Mailavve wa Honnahalli, Aliyemzaa Mfalme

Marehemu Mailavve alizaliwa Honnahalli, kando ya mto Manjira, mwezi wa Chaitra, mwaka wa 618 wa kalenda ya Saka. Baba yake alikuwa mchunga kondoo. Tunalisema wazi kwa sababu wapo hapa wanaotaka lifutwe.

Shule hakuiona. Mama yake alimfundisha kusokota sufu na kufuma blanketi nyeusi, na hizo ndizo walizojifunika askari wa kwanza wa mwanawe walipokuwa wakilala porini, hawana ngome wala bendera.

Mwaka wa 634 aliolewa na Birana, mkuu wa wachungaji, wakajaliwa binti, Mallavve, na mwana, Sankana. Birana aliuawa na watoza kodi wa mfalme wa zamani. Mjane alitoa nusu ya kondoo wake, akampatia Sankana farasi. Ufalme huu ulianzia kwenye zizi lake.

Sankana alipoiteka Tungapura, mji wa mfalme huyo, makuhani walisema mchungaji hatawazwi. Ukafuliwa mtungi mkubwa wa dhahabu, aingie humo, ajikunyate, atoke amezaliwa upya katika ukoo wa kifalme wa Mwezi. Mama alifika na samli ya kumpaka mwanawe. Mlinzi akamzuia.

“Bibi, rudi nyuma. Mfalme hana mama, leo ndiyo anazaliwa.”

“Anazaliwa na nani?”

“Na mtungi.”

“Haya, baba. Akilia njaa, mwambieni huo mtungi umnyonyeshe!”

Watu walicheka. Yeye alirudi kwa miguu, akilia njia nzima.

Kifua kilimbana tangu mvua za mwaka huu. Kila mbwa akibweka aliuliza, “Sankana kafika?” Mfalme alituma tabibu, na salamu za heri kwa “bibi wa Honnahalli”. Bibi! Mama yake mzazi! Alifariki alfajiri ya tarehe tano ya mwezi wa Kartika, 672, akiwa ameshikwa mkono na Mallavve.

Ameacha binti huyo na wajukuu sita. Mwanawe wa kiume yupo, kasimama pale chini ya mwavuli mweupe wa kifalme, kama mgeni. Kwetu udongo wa kwanza hutiwa na mwana wa kiume. Makuhani wamemwonya kwamba akiugusa, amekiri tumbo lililomzaa, na kiti kitamponyoka.

Sankana, kaburi liko wazi. Tunakungoja. Ukishindwa, Mallavve atautia, na kuanzia leo yeye ndiye mwana wa kiume wa nyumba hii.

Pumzika kwa amani, mama. Hasira tuachie sisi.