Kodi ya Kuku wa Mama Chelangat

Je, wajukuu, mume na mke wanaweza kujaza fomu za kodi kwa PIN moja, ile namba ya mlipakodi? Nilikuwa kwa tuktuk, natoka mtaa wa Section 58 kuingia mjini. Kulia kwangu alikaa Mama Chelangat, muuza mayai, trei zake, kila moja na kamba yake ya katani, nimempakatia mimi. Kushoto alikaa kijana mwenye shati la ofisi, ambaye mama hakumjua.

"Boss," mama alimuuliza, "bwanangu huandika pesa za kuku wangu pamoja na mshahara wake. Si tuliambiwa kanisani sisi ni mwili mmoja?"

Kijana alicheka. "Mwili ni mmoja, mathe, lakini PIN ni ya kila mtu. Kuku ni wa nani?"

"Ni wangu. Yeye huogopa hata jogoo."

"Basi yeye ajaze mshahara wake, wewe ujaze biashara yako. Weka risiti za chakula cha kuku, hizo gharama hutolewa kwanza. Faida ikifika kiwango cha kutozwa kodi, unalipa."

"Na yeye huambia watu banda la kuku ni lake. Ati ndiye hulilipia kodi."

"Na si upumzike basi, umwachie alipe? Watu wanakimbia kodi, wewe unaikimbilia."

Hapo hata mimi nilikuwa upande wa kijana. Tuktuk ikasimama langoni mwa soko. Mama Chelangat alishuka, akapokea trei zake kutoka mikononi mwangu, moja moja.

"Nataka kulipa mimi," akasema. "Nataka banda lijulikane ni langu."