Damu Isiyozuia Swala

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Wewe kaka mtu, kaa hapo hapo, usijifanye unatafuta simu. Nitasema habari za damu za wanawake nawe utazisikia, maana kuoneana haya ndiko kulikomuua dada yenu.

Mali ni ndogo, haina kelele. Nyumba igawanywe kama sheria inavyosema, mwiteni shekhe. Cherehani nilimpa kitindamimba nikiwa mzima, mbele yenu, basi asije mtu akanung'unika.

Sasa dada yenu. Mnajua alipungukiwa damu, hamjui nilichofanya. Mimba ilipoharibika alitoka damu, siku arobaini zikapita, sitini zikapita, na mimi namwambia atulie, ni uchafu wa uzazi unajisafisha wenyewe. Akaniuliza kama aende hospitali, nikamwambia, aibu hiyo utamwonyesha nani? Akaniuliza kama aswali, nikamwambia damu ni damu. Mwezi wa nne alikuwa akikaa hapo mlangoni nikiswali, akiitikia amina kwa midomo tu. Siku moja akaushika msala wangu, nami nikamnyang'anya. Sikuwa na hasira, wanangu, nilidhani namlinda.

Ndivyo nilivyofundishwa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akifika mlango wa kitabu unaohusu damu hizi, alikuwa akibana kurasa kwa kidole na kuziruka zote, anasema mtaulizana na mama zenu. Na mama zetu nao walikuwa wamerukiwa kurasa zile zile.

Mwosha maiti ndiye aliyeniambia. Alikuwa anammiminia maji dada yenu, akauliza alikuwa akiswali? Nikamjibu, angeswali vipi na hali ile? Akaweka chini kata ya maji. Akasema, "Mama, siku za uzazi zikishapita, hiyo ni damu ya ugonjwa. Mtu huoga, hujisafisha, hufunga kitambaa, hutawadha kila wakati wa swala ukiingia, na huswali hata kama inatiririka. Huyu alikuwa na haki ya kuswali na haki ya kutibiwa." Nilimfukuza baada ya mazishi, nikamtangaza mtaa mzima kuwa ana mdomo mchafu. Miaka tisa tunapishana bila salamu, naye alisema kweli. Anioshe yeye, si mwingine, na mumwombe radhi kwa jina langu kabla hajagusa maji.

Nipe maji kidogo... basi, yanatosha.

Nami damu hii iliyonilaza hapa ilipoanza kunitoka uzeeni, nilikaa miezi mitano bila kuswali. Ilikuwa kiburi, si ujinga, maana kusimama kuswali kungekuwa kukiri kwamba nilimdhulumu mwanangu. Sasa naswali nimelala, na damu yangu, na kila nikitoa salamu namwona pale mlangoni.

Kitindamimba wangu, inua uso. Wiki ya tano hii sikuoni ukiswali. Unaanika vitambaa nyuma ya mashuka, na jana ulipobeba beseni langu uliegemea ukuta mara mbili. Ulidhani mgonjwa haoni? Nina kazi gani nyingine hapa kitandani zaidi ya kukutazama? Unanyamaza kwa sababu mimi ndimi niliyekufundisha kunyamaza, na ninaogopa, mwanangu, ninaogopa kuliko ninavyoogopa kaburi.

Wosia wangu ni huu, hayo mengine ni maneno. Adhuhuri imeingia. Oga, funga kitambaa, tawadha, uswali, kisha kaka yako akupeleke hospitali leo hii. Mwambie daktari siku ngapi, nyingi kiasi gani, usizungukezunguke. Na wewe kaka mtu, mkiulizwa mna shida gani, usitazame ukutani. Ukimwonea haya dada yako, radhi yangu huna.

Usiniulize nani atabaki nami. Jirani yupo... Mungu yupo.

Mungu awape afya, awape ulimi wa kuuliza, watoto wenu wasifichane... wasifichane maumivu. Nimewasamehe yote. Nisameheni mtakachoweza.

Ukirudi ukanikuta nimekwenda, usilie kwamba hukuwapo. Mmoja nilimkalisha hapa kando yangu... mpaka akafa. Wewe nenda. Kaka mtu, mshike mkono. Nendeni...