Dawa Niliyoimwaga Migombani

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha kuuguza nyumbani, mwenyekiti amenipa dakika kumi na ameniomba nisilie. Hilo la pili asihofu. Mimi ni karani, nimezoea kusoma taarifa, na haya nitayasema kama taarifa. Majina sitataja. Anayesemwa vibaya humu ni mimi mwenyewe, basi hakuna atakayenipeleka kwa mjumbe.

Baba yangu alikuwa mkulima Muleba, na mzee wa usharika kwa miaka mingi. Saratani ya tezi dume ilipofika kwenye mifupa, hospitali walituambia wazi: kupona hakupo, kilichobaki ni kumtunza nyumbani asiumie. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza wa kiume. Niliomba likizo ofisini, nikafunga nyumba yangu Rwamishenye, nikahamia kwake. Dada yangu alipika na kufua. Dawa zilikuwa juu yangu.

Kila baada ya wiki mbili alikuja muuguzi wa huduma za nyumbani, kwa bodaboda. Siku ya kwanza alinikabidhi chupa ya mofini ya maji, bomba la kupimia, vidonge vya kulainisha choo, na karatasi ya saa: kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, kumi na mbili jioni, na wakati wa kulala. Ukimpa, weka alama ya vema. Akaniambia mambo mawili, na ninyi mliokaa huko nyuma naomba myasikie. Kwanza, dawa hii haisubiri mtu aumie, inatolewa kwa saa zake. Pili, siku za mwanzo atasinzia, msishtuke, kutapungua. Hilo la pili lilinipita. Nilikuwa naitazama karatasi, ilivyopigwa mistari vizuri.

Mnatujua sisi. Mzee akiugua watu hawatumi salamu, wanakuja wenyewe. Wanatoka shambani, saa nne wameshafika. Wengine wanakuja mchana baada ya kula. Wanakaa, wanatafuna punje za kahawa, wanasubiri mwenye nyumba awasalimie. Basi siku ya pili mwenye nyumba alikuwa anakoroma. Shangazi yangu akamtazama ndugu yake, akanitazama mimi, akasema mbele za watu:

"Umemlaza ndugu yangu ili asiseme nini?"

Lo! Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetazamiwa kurithi kibanja, shamba la ukoo, kwa hiyo kila aliyekuwa pale alielewa. Hakuna aliyecheka. Kesho yake sikumpa dawa ya saa nne. Wala ya saa nane.

Ikawa hivyo kila siku. Taata, ndivyo tunavyomwita baba, alikaa macho akiwasalimia wageni mmoja mmoja, akiwauliza habari za watoto na mashamba, huku jasho linamtoka na mkono umeng'ang'ania ukingo wa kitanda. Ukimwuliza, "sijambo." Wageni walitoka wakisema mzee yuko imara. Shangazi naye akanisifu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tatizo likawa karatasi. Kazi yangu ofisini ni kuhakikisha kilichoandikwa na kilichopo vinalingana. Nikaweka vema kwenye kila saa. Lakini chupa haikuwa inashuka inavyotakiwa, na muuguzi angeiona. Kwa hiyo kila jioni nilivuta kwa bomba zile dozi mbili za mchana, nikaenda nyuma ya nyumba, nikazimwaga migombani. Nawaambieni, nilipima sawasawa, bila kuzidisha hata tone. Baba yangu ndani ameuma meno, mimi nje napima dawa ya kumwaga.

Muuguzi aliporudi alimkuta anatetemeka. Akamwambia aonyeshe maumivu kwa vidole, kimoja ni kidogo, vitano ni makali kabisa. Taata hakusema sijambo. Aliinua vyote vitano.

Muuguzi akaisoma karatasi: vema kila mahali. Akainua chupa kwenye mwanga: imeshuka panapotakiwa.

"Basi dozi haimtoshi," akasema. "Anakunywa zote na bado anaumia hivi. Ngoja nimpigie daktari tuipandishe."

Akatoa simu.

Ndugu zangu, mimi hesabu naijua. Dozi ingepandishwa kwa mtu ambaye hata ile ya kwanza alikuwa hanywi yote. Na ya alfajiri nilikuwa nampa kweli. Kesho yake alfajiri ningemnywesha hiyo kubwa kwa mkono wangu huu, karatasi ikiwa safi kabisa. Niliogopa ingemwua. Taata alikuwa ananitazama.

"Dada, usipige," nikamwambia muuguzi.

"Kwa nini?"

"Za mchana hanywi. Nazimwaga."

Dada yangu alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Alikaa chini pale pale. Muuguzi hakunifokea, angenifokea ingekuwa nafuu. Alirudisha simu mfukoni, akasema, "Lete bomba. Saa nne imeshapita, hajapata ya saa nne." Nikavuta dawa, nikamnywesha mwenyewe, muuguzi amesimama kando yangu. Kisha akanieleza kwamba mtu aliyekosa usingizi siku nyingi kwa maumivu, akipata nafuu lazima atalala, na kwamba mwili huizoea dawa iwapo inakuja kwa saa zake, si leo ndiyo kesho hapana. Akanipa karatasi mpya. "Usipompa, andika hukumpa. Mimi natibu kwa ulichoandika."

Alipoondoka nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaomba radhi. Taata akasema taratibu:

"Nilijua hunipi. Nilidhani chupa inakwisha, unanibania ili inifikishe mbali. Nikasema nisikusumbue, mwanangu."

Hapo nililia. Mwenyekiti, niliahidi kutolia hapa, kule sikuahidi.

Siku tatu zilizofuata alilala sana, wageni wakiwepo. Nilikaa mlangoni nikiwaambia: amelala, ni dawa, ndivyo inavyotakiwa. Shangazi akanuna, nikamwacha anune. Siku ya nne Taata aliamka mchana, akaomba ndizi na maharage, akamwuliza dada yake, "Wewe mbona umenuna kwangu?" Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Sitawadanganya kwamba shida ziliisha. Vile vidonge vya choo nilivisahau siku mbili, na choo kikamtesa kuliko kusinzia. Hilo nalo niliandika.

Aliishi wiki saba nyingine. Muuguzi alipokuja mara ya mwisho, Taata aliinua kidole kimoja. Alifariki asubuhi, mkono wake umelegea kwenye blanketi.

Namshukuru muuguzi yule, ambaye hakuniita muuaji ingawa nilikuwa njiani kwenda huko. Namshukuru dada yangu. Namshukuru hata shangazi, maana baadaye dawa ya saa nane ikawa zamu yake, na hakuchelewa hata siku moja. Na ninyi wa kikundi hiki, mmenisikiliza bila kuguna. Asanteni.

Kuna mmoja wetu ameniambia pale nje kwamba mama yake anaanza dawa hii wiki hii, na nyumba imejaa wageni. Wewe dada, usihangaike kutafuta la kuwaambia. Mpe mama kwa saa zake. Akilala, wakaribishe ndani, wape viti wakae karibu naye. Si wamekuja kumwona? Wamwone amelala.